Destroyer, Wraith, Tern na Valkyrie katika hewa ya Kampala: uzoefu wangu

Nazungumzia diski za gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski za plastiki kuelekea kwenye kikapu. Hukumu yangu kwanza: kwa mkono wa kawaida, Wraith inakufikisha mbali kuliko Destroyer, na ukiwa bado unajifunza, Valkyrie itazishinda zote mbili. Diski hizi nne, pamoja na Tern, zote ni za kampuni ya Innova, na zote nimezirusha mara nyingi kwenye viwanja vya mpira vya hapa Kampala.

Tuzisome namba zake. Kila diski ina tarakimu nne: mwendo, kuelea, mgeuko na mkunjo wa mwisho. Destroyer ni 12, 5, -1, 3. Wraith ni 11, 5, -1, 3. Tern ni 12, 6, -3, 2. Valkyrie ni 9, 4, -2, 2. Ukitupa kwa mgongo wa mkono wa kulia, mgeuko ni jinsi diski inavyoelekea kulia ikiwa bado na kasi, na mkunjo ni jinsi inavyoangukia kushoto ikichoka. Mgeuko wa -3 unakwenda kulia zaidi ya -1.

Tarakimu inayowaponza wengi ni ile ya kwanza. Mtu anaona 12 au 13 anadhani amenunua injini. Sivyo. Mwendo ni deni: diski inakudai kasi hiyo ndipo iruke kama ilivyoandikwa. Destroyer ikirushwa polepole, ile -1 haionekani kabisa. Inakwenda moja kwa moja kidogo, halafu ile 3 inaivuta kushoto mapema na kuizika kwenye nyasi. Nuke ya kampuni ya Discraft, yenye 13, ina deni kubwa zaidi, kwa hiyo siizungumzii. Mwenye mkono wa kuilipa hahitaji ushauri wangu.

Halafu kuna hewa. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja kati ya kumi. Diski inageuka na kuelea kwa sababu ya hewa inayoisukuma, hivyo hewa ikipungua vyote viwili vinapungua. Destroyer inayonyooka vizuri Mombasa, hapa inakuwa kaidi, yaani inakataa kugeuka kulia na kukimbilia kushoto mapema, na ukiipeleka Kabale, juu zaidi tena, inazidi ukaidi. Ndiyo maana ushauri wa watu wanaocheza karibu na bahari usiuchukue mzima mzima. Shuka hatua moja: ulipotaka -1, jaribu -2.

Njia yangu ya kulinganisha ni rahisi. Uwanja kamili wa mpira una mita 105. Ukisimama kwenye mstari wa goli, katikati ni mita 52.5, na mstari wa boksi la mbali ni mita 88.5. Viwanja vingi vya shule ni vifupi, kwa hiyo upime kwa hatua kwanza. Rusha kila diski mara tano kwenda na mara tano kurudi ili upepo usikudanganye, kisha tupilia mbali mrusho bora na ule mbaya kabisa kila upande. Mrusho mmoja wa bahati ndio unaouza diski zisizofaa.

Mkono wangu unafika karibu na boksi la mbali, si zaidi. Kwa kasi hiyo Destroyer ya plastiki ya Champion inakatika kushoto kabla haijamaliza safari. Wraith ya Star, ya uzito uleule, inabaki hewani zaidi, inanyooka, na inaanguka mbele yake. Tofauti ya upana wa ukingo ni ndogo, sentimita 2.1 za Wraith dhidi ya 2.2 za Destroyer, lakini kiganja kidogo kinaihisi, na vidole visipokaza vizuri diski inatoka ikiyumba.

Tern ndiyo inayoruka mbali kuliko zote siku isiyo na upepo. Inakwenda kulia taratibu, inarudi, inateleza hewani kama kipanga. Ila upepo wa alasiri ukivuma kutoka ziwani, hasa ukiwa Entebbe, usiitoe mfukoni ukiukabili upepo huo. Upepo wa mbele unaifanya diski ihisi kasi kubwa kuliko iliyo nayo, kwa hiyo Tern inapinduka na kuchimba ardhi upande wa kulia. Hapo ndipo Destroyer inapata heshima yake. Upepo wa nyuma ni kinyume: diski zote zinakuwa kaidi, na Valkyrie inang'aa.

Kuhusu uzito, kikomo kinachoruhusiwa ni gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Diski ya sentimita 21.1 kwa hiyo haizidi gramu 175.1. Watu hukimbilia 175. Mimi nashauri 165 hadi 170 kwa anayeanza, kwa sababu nyepesi inageuka kwa urahisi na kuelea zaidi. Upepo mkali ndio unaoionea.

Plastiki nayo ina neno. Plastiki aina ya DX ni ya bei nafuu na inashikika hata mkono ukiwa na jasho, lakini ikigonga miti na mawe ya murramu inalainika kitabia: Wraith ya DX iliyochakaa inageuka kama Tern. Wengine huona hasara, mimi naona diski ya pili bila kununua. Champion ni ngumu na inadumu, ila ikilowa inateleza, na kati ya Machi na Mei mvua haiombi ruhusa. Beba taulo mbili, moja ya matope na moja ya mikono. Diski ikiwa na mgongo uliovimba inaelea zaidi. Ya bapa ni kaidi zaidi, hata jina likiwa moja, hivyo ishike mkononi kabla ya kulipa.

Kabla ya kuilaumu diski, angalia pua. Ukingo wa mbele ukiinuka, diski yoyote inapanda, inasimama, inaanguka kushoto, na mtu anasema ni kaidi. Inamisha kiganja kama unayemimina chai kutoka kwenye birika, kisha vuta ikiwa usawa wa kifua.

Rangi usiichague kwa kupendeza. Kijani hupotea kwenye migomba na nyekundu hupotea kwenye udongo wetu. Waridi au buluu ya kung'aa, na namba yako ya simu kwa ndani kwa peni ya maka isiyofutika.