Duka la viungo Marikiti, Mombasa, kwa wanaopika Kilatino nyumbani

Nyinyi mnaopenda kujaribu mapishi ya Meksiko, Kuba, Brazil na huko kote lakini mwaishia kununua vipakiti vya masala ya taco supamaketi, hebu acheni kwanza. Kipakiti nilichonunua mimi nyuma kimeandikwa chumvi, sukari na wanga, viungo vyenyewe vyafuata baadaye, na kwa bei ile ile Marikiti wapata viungo vya kupikia mwezi mzima.

Duka langu liko vichochoro vya Marikiti, dogo tu, magunia mpaka mlangoni. Kinachonipeleka pale ni kusagiwa papo hapo. Wamwambia ami mwenye duka nipimie bizari nyembamba ya hamsini (jira, wengine waita hivyo), aipima nzima kisha aisaga wewe ukiwa umesimama hapo hapo waona kila kitu. Hili si jambo dogo kwa sababu ile bizari ndiyo inayobeba sufuria la maharagwe meusi ya Kuba, pamoja na thomu, kitunguu, pilipili boga, jani la bay na siki kidogo mwisho, sasa ukiweka iliyosagwa mwaka jana ikakaa juani wapika maharagwe ya kawaida tu. Pilipili kavu pia mashallah, zile ndefu nyekundu, akutolea mbegu ukimwomba. Usitarajie chipotle wala ancho, zile pilipili kavu za Meksiko, hizo hana, mimi huchanganya pilipili zake na paprika na nyama yatoka vizuri sana.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kuona vile mapishi haya yako karibu na sisi. Chukua moqueca ya Bahia kule Brazil: samaki, ndimu, nyanya, kitunguu, pilipili boga, dania, tui la nazi na mafuta ya mawese, mara nyingi yapikwa kwa chungu. Nilitumia nguru, tui zito nikaliweka mwisho, na nyumbani hakuna aliyeuliza hiki ni chakula gani, walikula tu na wali. Au pwani ya Karibi ya Kosta Rika na Nikaragua, wali na maharagwe wapikwa pamoja kwa tui la nazi, pilipili nzima yawekwa juu isipasuke, niambie huyo si jirani yetu. Na si bahati tu. Mahindi, muhogo, nyanya, pilipili, vyote asili yake ni Amerika, na Wareno, hawa hawa walioanza kujenga Fort Jesus 1593, walichangia sana kuvileta Afrika, nayo minazi ya Brazil wao ndio walioipeleka kutoka huku Bahari ya Hindi. Kwa hivyo mtu wa Mombasa asiogope haya mapishi, nusu ya kazi mamake alishamfundisha.

Sasa malalamiko. Oregano yake ni ile ya Ulaya, ya Meksiko ni mmea mwingine kabisa wenye harufu kali zaidi, basi weka nyingi kidogo. Kinachoniuma hasa ni biksa. Zile mbegu nyekundu ndizo achiote, ndizo zinazoipa nyama ya Yucatán kule Meksiko rangi na ladha yake, na zalimwa hapo Kwale, ng'ambo ya feri tu! Halafu dukani hakuna. Nimemwomba ami atafute, akasema hakuna anayeuliza, kwa hivyo tafadhali mkienda ulizeni.

Unga wa tortilla, zile chapati za mahindi za Meksiko, pia hana na usijidanganye na sembe, kule mahindi huchemshwa kwanza na maji ya chokaa ndipo yasagwe, na hiyo ndiyo inayofanya unga ushikane, sembe yetu itakukatikia mkononi. Pika chapati nyembamba za ngano, kaskazini mwa Meksiko wenyewe hutumia tortilla za ngano.

Bei ni nzuri, mizani yake haina wasiwasi, M-Pesa apokea. Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali na kabla watu hawajajaa, Ijumaa mchana hufunga kwa swala. Na bebeni vichupa vyenu vya kufunika, kwa sababu afunga kwa gazeti na bizari ikishasagwa haitaki hewa.