Nimebadili mauntingi ya injini mwenyewe nyumbani, na hasira bado ninazo

Kama umekuja kutafuta namba ya spea au saizi za boliti, humu hamna. Mimi nimekuja kulia. (Mauntingi ni zile raba zenye chuma zinazoishikilia injini kwenye bodi ya gari.)

Gari yangu ni Carina Ti, namba B, niko nayo miaka mingi kuliko ndoa kadhaa za mtaani kwetu Tabata. Tangu kama mwanzo wa mvua ilianza kutetemeka. Uko kwenye foleni Buguruni, mguu kwenye breki, gia iko D, kioo cha katikati kinacheza mpaka bodaboda mmoja aliye nyuma yako unamwona watatu. Ukiweka N, utulivu. Ukitoa P kwenda R, puu! kama mtu kaangusha gunia la mahindi. Fundi wa kwanza akasema plagi, nikabadili plagi. Wa pili akasema sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, iko chini, akaipandisha, na mafuta nayo yakaanza kuisha kama nayanywa mimi.

Mwishowe nikafungua boneti mwenyewe. Mama watoto akakaa kwenye usukani, akakanyaga breki, nikamwambia ahamishe gia: D, R, D, R. Mimi nimesimama pembeni, si mbele, bado nina ada za shule za kulipa. Injini ikawa inainuka upande wa kulia kama abiria anayetaka kushuka daladala haijasimama. Mauntingi ya upande huo, ulipo mkanda wa taimingi, ilikuwa imekwisha: raba imepasuka, imeachana na chuma chake, kidole kinapita.

Nikaenda Gerezani, mtaa wa maduka ya spea. Duka silitaji, ila wauzaji wa pale wakisoma watajijua. Kijana akanitolea boksi lenye maandishi ya Kijapani, akaigonga mauntingi kwenye kaunta mara mbili. "Sikia hiyo bosi, orijino." Sijui kuigonga kunathibitisha nini, lakini nilitikisa kichwa kama mjuzi. Elfu tisini na tano. Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine haina karatasi, akaniandikia ya mkono. Hapo ndipo ningeondoka. Sikuondoka.

Kazi yenyewe, nisiwe mnafiki, niliifurahia. Jeki chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), katikati kipande cha mbao ya mninga ili sampu isibonyee, unainyanyua injini kidogo tu mpaka uzito utoke kwenye mauntingi. Nikasogeza tenki la maji ya wiper, nikapata nafasi. Boliti mbili zikatoka kwa adabu. Ya tatu ilikuwa na kutu, niliimwagia dizeli, nikasubiri, nikala wali, nikarudi, nikachomeka bomba kwenye spana, mtoto ananishikia tochi na kuniuliza kila dakika kama tumemaliza. Ilipolia kreee na kuachia, nilijiona mhandisi.

Nikafunga mpya, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikashusha jeki, nikawasha.

Ilitetemeka kuliko mwanzo! Mara hii mpaka dashibodi inapiga kelele, mlango wa kibweta unafunguka wenyewe. Nikaiangalia vizuri ile "orijino". Raba ngumu kama kisigino cha kiatu, rangi ya chuma imebaki kwenye vidole vyangu. Nikaifungua siku iyo hiyo, nikairudisha kwenye boksi lake.

Sasa sikilizeni. Kijana yule yule alikuwa na kikombe cha kahawa, hakuinua hata uso. Nikamsalimia, nikamweleza taratibu. Akaniuliza, "Kwani wewe ni fundi?" Nikasema hapana, nimefunga mwenyewe. Akamgeukia mwenzake, kwa sauti ya duka zima: "Unawaona hawa? Wanaangalia YouTube halafu wanakuja kutusumbua." Wateja wakacheka. Kuna mzee mmoja alikuja kununua mkanda wa feni, na yeye akacheka. Halafu kijana akanyoosha kidole chini ya ile risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho. Shikamoo sikudai, nilidai kuangaliwa usoni tu.

Nilirudi nyumbani nimeshaandika kichwani maneno ya kuwaonya mji mzima. Feki, matapeli, msiende. Nyota sifuri.

Ila kuna fundi mzee hapa jirani, alistaafu gereji, siku hizi anauza mkaa. Alinikuta naifunga tena kwa uchungu kwa sababu sina nyingine. Akauliza, "Mwanangu, jana uliikaza injini ikiwa bado juu ya jeki?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu. Akaguna. "Basi uliifunga imejikunja." Akanifanya niache boliti zote nusu, nishushe jeki, niwashe gari iungurume kidogo ijikalie yenyewe, nizime, ndipo nikaze. Tukawasha. Mtetemo ukapungua, naona, zaidi ya nusu. Kibweta kimetulia.

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi? Hilo ndilo linaloniuma! Mauntingi pengine si mbaya sana, nyota tatu, hata tatu na nusu. Yule mjinga ni mimi. Lakini rangi bado inatoka, na risiti ya mkono ni risiti ya mkono, na "kwani wewe ni fundi" sijaisamehe. Nyota mbili. Nikiwasha AC bado inatetemeka, moja na nusu.

Mzee akachungulia na ya mbele, akasema nayo ina ufa. "Ukibadili moja, zingine zinaona wivu." Ikabidi nirudi Gerezani, safari hii duka la upande wa pili wa barabara, kwa dada mmoja mpole, kanikaribisha na kiti. Akasema ipo, subiri kaka yangu, akamtuma kijana wake mbio. Nikamfuata kwa macho. Akavuka barabara, akaingia duka lile lile, akatoka na boksi lenye maandishi yale yale ya Kijapani.

Nikalipa. Elfu themanini na tano, na ya EFD alinipa.