Sahani za kupimia alaimenti: chukua sahani, tepu zake tupa

Ni sahani mbili za alumini za kupimia alaimenti, yaani kama matairi ya mbele yameelekea sawa. Kila moja ina mipasuko miwili, na ndani ya boksi mna tepu mbili. Unaegemeza sahani moja kwenye kila tairi la mbele, unapitisha tepu kwenye mipasuko, moja mbele ya tairi na nyingine nyuma yake. Kipimo cha mbele kikizidi cha nyuma, matairi yametanuka, kikipungua, yamebana. Kazi yake ni hiyo tu, na wanaoziuza kama mbadala wa mashine ya gereji wanatia chumvi.

Mimi nilizitafuta kwa hasira. Gereji moja hapa Mwanza mjini walinibadilishia tairodi (vyuma vinavyounganisha stelingi na matairi) za Toyota IST yangu, wakapima kwa macho, wakanikabidhi gari stelingi imepinda. Haikupita muda tairi la kushoto likaliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zikachungulia. Ukipapasa uso wake kwa kiganja, kwenda ni laini, kurudi linakwaruza kama msumeno. Ukikuta hivyo usimlaumu muuza matairi, angalia alaimenti.

Sahani zenyewe sina neno nazo. Zimenyooka, kingo hazikati mikono, na zinasimama bila kushikwa. Tepu ndizo balaa: ndoano zake zinacheza, na ukizilinganisha hazisomi sawa. Nilinunua tepu moja nzuri dukani, napimia hiyo hiyo mbele na nyuma, kwa hiyo hata ikidanganya kidogo inadanganya kotekote.

Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa inchi na haikutaja mambo ya maana. Upepo wa matairi uwe sawa kwanza. Tikisa tairi gari ikiwa kwenye jeki. Kama tairodi au boljointi (kiungo kinachoruhusu tairi kukata kona) inacheza, usipime, badilisha kwanza. Na ukishashusha jeki, sukuma gari mbele mita kadhaa ili ikae sawa kwenye springi zake. Ukipima pale pale ilipotua, utapata namba ya uongo.

Kwangu Mahina uwanja ni mawe na mteremko, nikaenda kwa baba mkwe Buhongwa, ana banda lenye sakafu ya zege. Tuliipima sakafu kwa mpira wa maji wa mafundi ujenzi, kona moja ikawa chini kidogo. Kwa kupima kubana na kutanuka hiyo haikunisumbua. Kwa kupima tairi limelala kiasi gani ingenisumbua sana.

Mpwa wangu alishika ncha ya pili. "Mjomba, huku mbele mia sitini na tano nukta mbili!" Nyuma ikaja 164.6, zote sentimita. Yametanuka milimita 6, wakati mimi nilikuwa nataka sifuri au kubana kidogo sana. (Angalia kitabu cha gari lako, usinakili namba yangu.) Nikanyoosha stelingi na kuifunga kwa kamba kwenye siti, nikalegeza nati za kufungia tairodi na klipu za buti, ule mpira unaoifunika, ili usijisokote. Tairodi za gari hili ziko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kuzirefusha kunabanisha matairi kwa mbele. Nilizungusha nusu mzunguko kasoro kidogo, kushoto na kulia sawasawa. Ukizungusha upande mmoja tu, namba itakaa vizuri lakini stelingi itapinda. Sukuma gari, pima tena, kaza nati.

Kwenye lami inakwenda imenyooka. Ila usiijaribu ukiwa ukingoni mwa barabara: lami hujengwa na mgongo katikati, na sisi tunaopita kushoto gari huvutwa kushoto hata likiwa zima. Daraja la Kigongo–Busisi nalo, siku yenye upepo wa ziwa, halitakupa jibu.

Kwa anayebadilisha tairodi mwenyewe, au mwenye gari zaidi ya moja nyumbani, nazipa nne kwa tano. Kama huingii chini ya gari, hela hiyo weka kwenye tairi. Na kama umegonga jiwe au umetumbukia mtaroni, sahani hazitakuambia kama mkono unaoshika tairi chini ya gari umepinda au shokapu imelala. Hapo nenda kwenye mashine, na kabla ya kulipa dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada.