Uzoefu wangu: sanduku la kuanzia la Dungeons & Dragons mbele ya wafanyabiashara wa Lamu

Sanduku ninalolizungumzia ni Starter Set ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia kisa kwa dadu, toleo la 2014. Lilinifikia Lamu ndani ya begi la jamaa aliyekuwa akirudi kutoka Nairobi. Nimeliendesha darini kwetu, Langoni, baada ya Isha. Msimulizi ni mimi, na wachezaji ni watu wa nyumbani: mdogo wangu anayeendesha boti ya Mokowe, wifi yangu mwenye duka la madera, mpwa wangu wa kidato cha nne, na mabinamu wawili ambao wakikosa la kubishania hubishania saa. Nalipenda sanduku hili na ningelinunua tena, lakini si kwa ajili ya picha zake wala dadu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: msimulizi anaeleza mahali na mambo yanayotokea, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na jambo likiwa na shaka inarushwa dadu yenye nyuso 20. Msimulizi anapanga ugumu: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Ukifikia namba au kuipita, umefaulu. Ndani ya sanduku mna kijitabu cha sheria cha kurasa 32, kitabu cha kisa cha kurasa 64, wahusika watano waliokwisha kutayarishwa, na dadu sita. Ni hayo tu.

Kuanzia hapa nafichua kisa. Kama unataka kuwa mchezaji, ruka mpaka aya mbili za mwisho, la sivyo utamharibia msimulizi wako kazi.

Mbilikimo aitwaye Gundren amewaajiri wahusika wapeleke gari la ng'ombe kutoka mji wa Neverwinter hadi kijiji cha Phandalin. Ujira ni vipande 10 vya dhahabu kwa kila mtu, mzigo ukifika dukani kwa Barthen. Aliyeandika kisa alitegemea hapo watu waitikie, ng'ombe wachapwe, safari ianze. Wifi yangu hakuitikia.

"Wifi, garini mna nini?"

Nashukuru kitabu kilikuwa na jibu. Magunia 12 ya unga, mapipa ya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, mapipa mawili ya pombe, sepetu, sururu na mitaimbo, taa tano na mafuta yake. (Ile nyama niliigeuza papa mkavu na pombe ikawa asali. Sikutaka mjadala wa haramu kabla hatujatoka hata mjini.) Thamani ya vyote ni dhahabu 100.

Akavuta daftari. Si karatasi ya mhusika wake. Daftari la duka, lenye majina ya wanaodaiwa. "Mzigo ni mia. Sisi watano tunalipwa hamsini. Sasa tumpelekee huyo Barthen kwa nini? Tuuze wenyewe." Mabinamu, kwa mara ya kwanza tangu nawajua, wakakubaliana. Mpwa wangu, aliyekuwa ameshachora upanga wake kwa kalamu tatu za rangi, akanitazama kama mtu aliyepakizwa boti isiyo yake.

Msimulizi mgeni hapa hujaribiwa kusema "haiwezekani". Sheria hazimlazimishi. Nilichofanya ni kuuliza: mtamuuzia nani? Sururu na sepetu nyingi hivyo anazitaka nani, ila watu wa machimbo? Na watu wa machimbo wako wapi? Wakashauriana, kisha wakashika njia ileile, kuelekea kijiji kilekile, kwa nia tofauti kabisa. Kitabu hakikupoteza hata ukurasa.

Njiani wanakuta farasi wawili wamekufa, na magoblini wanne, viumbe wadogo wakorofi, wamejificha vichakani. Mapigano yakaenda kama yalivyoandikwa, sina la kuongeza. Ilipobainika kwamba farasi hao ni wa Gundren na mlinzi wake waliotangulia, na kwamba Gundren ametekwa, nilijua wifi yangu atauliza swali lingine. Akauliza: "Mwenye mali asiporudi, warithi wake ni nani?" Kitabu kinajua hilo pia: Gundren ana ndugu wawili. Basi mpango wa kuuza ukafa palepale, kwani kula mali ya warithi si jambo la kusemwa darini kwetu hata kwa mchezo. Wakaamua wamfuate Gundren wamkomboe, kisha wadai ujira mpya kwa kuwa safari imekuwa ya hatari. Ndiko kisa kilikotaka waende tangu mwanzo. Mimi sikuwasukuma.

Pangoni kwa magoblini ndipo nilipolipenda sanduku hili kweli. Mkubwa wa pango ni zimwi lenye manyoya, Klarg. Chini yake kuna goblini aitwaye Yeemik anayemtamania kiti. Yeemik anamshikilia mlinzi wa Gundren na anawapa wachezaji sharti: mleteni kichwa cha Klarg, nitamwachia mtu wenu. Nilitarajia wakubali au wapigane. Mabinamu wakakubali kwa mdomo, wakapanda moja kwa moja hadi kwa Klarg, na wakamuuzia habari kwamba kijana wake anataka kumpindua.

Sikuwa nimepanga hilo, na silikumbuki popote kitabuni. Lakini kitabu kilikuwa kimenieleza kila mmoja wao anataka nini na anaogopa nini, kwa hiyo sikuhitaji kufunua kurasa. Klarg ni mwenye majivuno, na mwenye majivuno akiambiwa anadharauliwa hangoji ushahidi. Nikaweka ugumu wa 15 wa kumshawishi. Binamu mmoja akasimulia uongo mrefu wenye viapo, nikampa nafuu ya kurusha dadu mara mbili na kuchukua namba kubwa, akapata 18. Klarg akateremka na mbwa-mwitu wake, magoblini wakauana wenyewe kwa wenyewe, na jamaa zangu wakamchukua mlinzi huku wakitembea taratibu kama wanaotoka arusini.

Penye watu wanaotaka kitu, sanduku hili linastahimili mshangao wowote. Penye vyumba na viumbe tu, linakuacha peke yako. Mgodi ambamo kisa kinaishia, ukiondoa wachache wanaoweza kusemeshwa, umejaa mifupa na maiti zitembeazo, na huwezi kumuuzia maiti habari. Wachezaji wangu walipooza pale, wakawa wanarusha dadu tu. Aliyewaamsha ni mdogo wangu. Mgodi ule unavuma, na mvumo wake ni wa mawimbi ya bahari iliyo chini ya ardhi. Mpwa wangu alisikia mvumo akashika upanga. Mdogo wangu alisikia mvumo akauliza: "Dada, sasa hivi maji yanajaa au yanakupwa?"

Swali la mtu wa boti. Nilisema yanakupwa. Akataka wasubiri mpaka maji yashuke kabisa, watafute upenyo chini ya mwamba ulioachwa wazi, wapite nyuma ya adui. Nilimpa upenyo, kwa ugumu wa 10, na nikamwambia bamvua haina subira, wakichelewa watarudi wakiogelea. Sehemu nzima ya ramani niliyoisoma alasiri yote hawakuikanyaga. Niliumia kidogo, sitaficha, ila hiyo ndiyo sehemu wanayoisimulia hadi leo pale uwanjani Mkunguni.

Kama unataka kuliendesha, ushauri wangu ni huu: unaposoma kisa, usikariri vyumba. Chukua karatasi moja, andika kila jina, anachotaka, na atakachofanya asipokipata. Hayo mengine wachezaji watakuvurugia. Tayarisha pia bei za vitu, hasa kama mezani kuna mtu anayeuza chochote.

Mapungufu yapo. Wahusika hupanda ngazi za uwezo kadiri wanavyocheza; kisa kinafika ngazi ya tano na kijitabu cha sheria kinaishia hapohapo. Hakifundishi kuunda mhusika wako kuanzia mwanzo. Ramani zimo ndani ya kitabu cha msimulizi, kwa hiyo utazichora upya au utaziba siri kwa mkono. Kama sanduku ni ghali kwako au halipatikani, tangu Januari 2023 sheria za msingi, ziitwazo SRD 5.1, ziko chini ya leseni huria ya Creative Commons, na unazipakua bure kwa simu. Na seti ya pili ya dadu itafute mapema, kwa sababu yenye nyuso 20 ni moja tu sandukuni na watu sita wataigombania.