NVDA: Kisoma Skrini Kinachoumbua Viungo Vibovu
NVDA, programu ya bure ya kuwasomea wasioona skrini kwa sauti kwenye Windows, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, ndiyo niliyoitumia kukagua viungo vya tovuti ninazozitembelea mara kwa mara. Ukibonyeza herufi K unaruka hadi kiungo kinachofuata, na ukibonyeza Insert pamoja na F7 unapata orodha ya viungo vya ukurasa mzima, vikiwa vimetengwa na maandishi yanayovizunguka. Hapo ndipo aibu hujitokeza: katika tovuti moja ya tiketi za basi nilisomewa "Bofya hapa" mara 11 mfululizo, nisijue ni kipi cha kwenda Mbeya na kipi cha Tanga. Vingine havikuwa viungo hata kidogo, bali maandishi yaliyopakwa rangi ya buluu, ambayo hufunguka kwa kipanya lakini kitufe cha Tab huyaruka, kwa kuwa mtengenezaji hakuyaandika kama kiungo halisi chenye anwani ndani yake. Programu yenyewe haina lawama katika hayo. Kasoro yake ni sauti ya eSpeak inayokuja nayo, ambayo husoma hata Kiswahili, ila kwa ukavu unaochosha masikio.