Uzoefu wangu na CAN, NPK na 2,4-D Amine kwenye nyasi za nyumbani

Nimezitumia bidhaa hizi tatu kwa misimu minne ya mvua kwenye uwanja wa nyumba wa mita za mraba 200, Wakiso, Uganda, wenye nyasi za paspalamu: mbolea ya CAN, mbolea ya NPK 17:17:17, na dawa ya magugu 2,4-D Amine ya gramu 720 kwa lita. Natanguliza hukumu yangu. CAN nitainunua tena bila kusita. NPK ina kazi yake, lakini si ile ambayo wauzaji huisema. 2,4-D ni dawa nzuri sana, na wengi wanaoilalamikia kwamba ni bandia wameipulizia magugu yasiyo yake.

Tuanze na mbolea, maana hapo pesa hupotea bila mtu kujua. Kinachozifanya nyasi ziwe kijani na zifunge ardhi ni nitrojeni, na mifuko ya mbolea haina nitrojeni sawa. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Wa CAN yenye asilimia 26 una kilo 13. Wa NPK 17:17:17 una kilo 8.5 tu, kwa kuwa unabeba pia fosforasi na potasiamu. Kwa hiyo unapolinganisha bei dukani, gawa bei ya mfuko kwa kilo za nitrojeni zilizomo, usigawe kwa 50.

Paspalamu inatosheka na gramu 2.5 hivi za nitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa mara moja. Kwa uwanja wangu hiyo ni CAN kilo 2, au NPK kilo 3, au yurea kilo 1 na gramu 100. Vipimo hivyo vitatu huleta nitrojeni ileile. Anayekuambia umwage kilo 10 za CAN kwenye uwanja kama huu anakuuzia moto: majani yatakauka, na yatakayopona yatakimbia juu kwa kasi hata ufyeke kila wiki.

Mbona CAN na si yurea, wakati yurea ina nguvu zaidi? Kwa sababu kwenye nyasi hakuna anayefukia mbolea. Yurea ikilala juu siku mbili tatu za jua bila maji, sehemu ya nitrojeni yake hupaa kama amonia. CAN haina tatizo hilo kwa kiasi hicho, nusu ya nitrojeni yake iko tayari kuliwa na mizizi, na rangi ya nyasi hubadilika ndani ya wiki moja mvua ikiwepo. Tena ina chokaa kidogo ndani yake, na udongo wetu mwekundu una tabia ya kuwa na asidi, ambayo yurea huiongeza mwaka hadi mwaka.

NPK mimi naiona ni mbolea ya kupandia. Nyumba ikijengwa, udongo mweusi wa juu huchukuliwa au hufukiwa, na kinachobaki ni ule mwekundu wa chini ambao hauna chakula. Hapo fosforasi inahitajika kweli, na ni lazima ichanganywe na udongo: gramu 30 kwa mita ya mraba, igeuzwe na jembe hadi sentimita 10, ndipo upande vipande vya nyasi. Udongo huo una chuma na alumini nyingi zinazoshika fosforasi, hivyo ile unayomwaga juu ya nyasi zilizokwisha kushika haiendi mbali. Kwa nyasi zilizokomaa natumia NPK mara moja kwa mwaka, mwezi wa tatu, mara nyingine zote ni CAN. Nyasi zikibaki za manjano hata baada ya CAN na mvua, acha kuongeza mbolea. Peleka udongo ukapimwe, Kawanda kuna maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo inayofanya kazi hiyo. Kipimo cha asidi (pH) kikiwa chini ya 5.5, yaani asidi imezidi, kinachohitajika ni chokaa ya kilimo.

Namna ya kumwaga ndiyo huharibu zaidi kuliko aina ya mbolea. Gawanya kilo zako mafungu mawili. Fungu la kwanza limwage ukitembea kwa urefu wa uwanja, la pili ukikata kwa upana. Ukimwaga lote kwa mwelekeo mmoja, baada ya siku kumi utaona mistari ya kijani kizito na katikati yake mistari ya manjano, upana wa mkono wako ulivyorusha. Majani yawe makavu kabisa. Asubuhi yenye umande chembe hunata kwenye jani, huyeyuka palepale, na kesho yake kila chembe imeacha doa la kahawia kama la njugu iliyokaangwa. Baada ya kumwaga, pitisha ufagio mgumu juu ya nyasi ili chembe zidondoke chini. Ndoo ijaze ukiwa juu ya zege, kamwe si juu ya nyasi. Kikimwagika kiasi kidogo tu mahali pamoja, zoa kwa mkono na umwagilie jerikani mbili, la sivyo pataungua duara.

Baadaye mbolea inahitaji maji ya milimita 5 hivi. Kwa mita za mraba 200 hiyo ni lita 1,000, yaani jerikani 50. Ndiyo maana nafuata mvua: mwanzo wa mvua za mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa nne, kisha mwezi wa tisa na mwisho wa mwezi wa kumi. Januari, Februari, Juni na Julai mbolea inakaa dukani. Na mvua ninayoitaka ni ya taratibu. Wingu likiwa limeshakuwa jeusi na ngurumo zinasikika, usimwage. Nyumba zetu nyingi ziko kwenye miteremko, na mbolea itakayosombwa itaingia mtaroni. Kwa Kampala, mengi ya maji hayo hupita mfereji wa Nakivubo na kuishia ghuba ya Murchison kwenye Ziwa Victoria, ambako yanalisha mwani. Maji tunayokunywa yanatoka ziwa hilohilo.

Sasa 2,4-D. Dawa hii huua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi. Kwenye uwanja wangu imemaliza kishona nguo, ambayo Waganda huiita ssere, na kifauongo kwa kurudia mara ya pili. Ukiiangalia ssere siku moja baada ya kupulizwa, utaona shina limepinda chini kama shingo ya bata, majani yamejikunja kingo, na vikonyo vimejisokota. Hiyo ni dalili kwamba dawa imeingia: ni homoni inayoulazimisha mmea ukue ovyo mpaka ujimalize. Kukauka kabisa huchukua wiki moja mpaka mbili. Usiyang'oe kabla, iache dawa ishuke mizizini.

Haitaua ndago. Haitaua lumbugu, ile nyasi-gugu. Ile Oxalis yenye majani matatu ya umbo la moyo na vitunguu vidogo ardhini itaungua juu, kisha itachipua tena. Ukiwa na hayo tu, hifadhi pesa zako. Na kama nyasi zako ni za St Augustine, zile zenye jani pana na shina nene linalotambaa, usiitumie, zinaumia. Paspalamu mpya nayo isipulizwe mpaka ifyekwe angalau mara tatu.

Kipimo ninachotumia ni mililita 15 kwa mita za mraba 100. Lebo ya chupa yako ndiyo inayotawala, lakini bila kujua pampu yako inatoa maji kiasi gani, lebo haikusaidii. Pima hivi: weka lita 5 za maji safi kwenye pampu ya mgongoni, pima uwanja wa mita 10 kwa 10 kwa kamba, upulizie kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyobaki. Yangu hutumia lita 4. Kwa hiyo uwanja wote unahitaji lita 8 za maji na mililita 30 za dawa. Pampu iliyojaa lita 16 ingebeba mililita 60 na kutosha mita za mraba 400. Dawa naipima kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, na bomba hilo halina kazi nyingine tena. Kifuniko cha chupa si kipimo, kila chupa ina chake.

Kuzidisha dawa hakuongezi kifo. Hapa watu wengi hawaamini, ila ndivyo ilivyo: dawa ikiwa kali mno huunguza jani na shina haraka, njia ya kuipeleka chini inakatika, na mzizi unabaki hai. Wiki tatu baadaye gugu linachipua na mtu anasema dawa imechakachuliwa.

Usifyeke siku tatu kabla ya kupuliza, kwani jani ndilo linalopokea dawa, wala siku mbili baada yake. Mbolea itangulie kwa wiki mbili hivi: gugu linalokua kwa nguvu hunywa dawa vizuri, na nyasi zilizoshiba hufunga nafasi inayobaki wazi. Puliza asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo haujaamka. Dawa ya amine inataka muda wa saa nne mpaka sita bila mvua, na mvua zetu hupenda mchana, hivyo ukianza saa tano asubuhi unacheza bahati nasibu.

Tumia nozeli bapa, presha ndogo, nozeli iwe chini karibu na goti. Ukungu mwembamba ni hatari kubwa ya dawa hii. Nyanya, maharage, mchicha (dodo), mapapai na matunda ya pasheni huiona hata kwa tone. Nyanya ikiguswa, majani yake machanga hujikunja kama kijiko na kuwa membamba kama nyuzi. Wengi wetu tuna mboga nyuma ya nyumba, na jirani pia anazo, kwa hiyo upepo ukielekea huko, ahirisha. Pampu hiyohiyo usiitumie kwenye mboga. Kuisuuza mara moja hakutoshi. Hata ukiisuuza mara tatu kwa sabuni, masalia hukaa kwenye mpira na mpini. Ununue ya pili ya lita chache, uiandike kwa rangi "MAGUGU".

Jambo ambalo wauzaji hawakuambii kabisa ni kuhusu nyasi zilizofyekwa. Wengi huzichukua wakapelekea ng'ombe wa zizini au sungura, au huzitandaza kwenye nyanya. Baada ya 2,4-D, mafyeko ya mara tatu za mwanzo yabaki palepale uwanjani au yatupwe shimoni. Watoto wasikanyage mpaka pakauke kabisa, mimi huwazuia mpaka kesho yake. Mpulizaji avae gambuti, glavu za mpira na suruali ndefu.

Kwa ndago, kung'oa ni kuipanda upya. Vitunguu vyake vimeungana chini kama shanga kwenye uzi. Ukivuta uzi unakatika na vile vilivyokuwa vimelala vinaamka. Dawa yake ni halosulfuron ya chembechembe ya asilimia 75, gramu 50 mpaka 70 kwa hekta, yaani gramu moja mpaka moja na nusu hivi kwa uwanja kama wangu, pamoja na kinatishi, yaani kimiminika cha kuifanya dawa ishike kwenye jani. Ndago huchukua wiki mbili hadi nne kugeuka manjano, na wiki sita mpaka kumi baadaye unarudia. Bila mizani ndogo ya kupimia gramu, usiiguse.

Lumbugu ni nyasi kama nyasi, kwa hiyo hakuna dawa ya kuipulizia ikaiacha paspalamu. Nafanya hivi: glavu ya mpira mkononi, juu yake glavu ya kitambaa, naichovya kwenye glaifosati (dawa inayoua nyasi na magugu bila kuchagua) iliyochanganywa kipimo kimoja kwa viwili vya maji, naikamua isidondoke, kisha naipaka lumbugu peke yake inapokuwa imesimama juu ya nyasi nyingine. Nasubiri siku saba kabla ya kugusa. Maji yawe safi, kwani tope huishika glaifosati na kuifanya isifanye kazi.

Na slasha. Uwanja unaofyekwa mpaka udongo uonekane hautapona magugu hata uwe na dawa zote za maduka ya Container Village, Kampala. Paspalamu iache na sentimita 5 mpaka 7, usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kivuli cha nyasi zenyewe huzuia mbegu za ssere zisiote. Kati ya vyote nilivyoeleza, hiki ndicho kilichopunguza magugu zaidi, na hakiuzwi dukani.

Kuhusu kununua: mbolea iliyogawanywa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) naikwepa, kwa sababu CAN hunyonya unyevu ikagandamana na kwa sababu ni rahisi kuichanganya na vitu vingine. Yurea unaweza kuipima mwenyewe: kijiko kimoja kwenye glasi ya maji safi, huyeyuka yote, maji hubaki maangavu na glasi huwa baridi mkononi. Ikiacha mchanga chini, rudisha. CAN huacha ukungu wa chokaa, hilo ni la kawaida. Dawa iwe na muhuri wake na namba ya usajili ya Wizara ya Kilimo kwenye lebo, na usikubali kukingiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Muuzaji atakusukumia lita moja. Uwanja wa mita za mraba 200, ukipulizwa mara mbili kwa mwaka, unatumia mililita 60; lita moja ingekaa zaidi ya miaka 16, na itakuwa imekwisha muda zamani. Tafuta chupa ndogo kuliko zote dukani.