Kurejesha misitu ya Nairobi: kupanda miche au kuacha iote yenyewe?

Kila mvua zikikaribia, vikundi vinavyotunza misitu ya Karura na Ngong Road hubishana kuhusu hili. Kupanda ni ghali: kitalu, mashimo ya sentimita 45 kwa 45, na maji ya kiangazi cha Januari na Februari. Wengi hupoteza mche kwa kuufukia na mfuko wake. Mizizi hujizungusha, mti ukadumaa.

Kuacha msitu uote ni nafuu, na miti huota palipoifaa. Adui ni lantana, kichaka vamizi cha kigeni: ikitanda, miche ya muhugu, mti wa kienyeji, hukosa mwanga. Ing'olewe na mizizi, kwani ikifyekwa tu huchipua tena, tena kwa wingi.

Penye miti mama ya kutoa mbegu karibu, palilieni na mlinde. Palipokaliwa na mikaratusi miaka mingi, mbegu za kienyeji ni haba. Hapo pandeni, udongo ukishalowa vizuri.